Hojaji Haikumuuliza Mgonjwa

Jumatatu

Leo wodi yetu imeanza kupimwa umahiri wa kitamaduni. Kiongozi wa wauguzi alitutangazia wakati wa kupokezana zamu: kila muuguzi, daktari na mtaalamu wa viungo ajaze hojaji kwenye kompyuta kabla ya Ijumaa. Baadaye kutakuwa na mafunzo ya saa mbili, kisha tutajaza hojaji ileile tena. Tofauti ya alama ndiyo itakayoonyesha tumejifunza kiasi gani. Hapa ni Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Jina la hospitali naliacha.

Nilikaa kujaza saa nne asubuhi, wodi ilipotulia. Kila swali lina majibu manne, kuanzia nakubali kabisa hadi sikubali kabisa. Naulizwa kama natambua kwamba malezi yangu yanaathiri namna ninavyomtazama mgonjwa, kama ninayajua magonjwa yanayoyasumbua zaidi makundi fulani ya watu, kama niko huru moyoni ninapomhoji mtu wa asili tofauti na yangu. Nilikuwa karibu kumaliza kengele ya chumba cha mwisho ilipolia. Niliporudi, kompyuta ilikuwa imejifunga na majibu yote yamepotea.

Nikaanza upya, na majibu mengine hayakuwa tena yale ya mwanzo. Kule chumbani nilikuwa nimemkuta mama mmoja wa Fizi, Kongo, ameichomoa dripu, kwa kuwa waliomwekea usiku hawakumwambia ni ya nini. Alinionyesha mkono uliovimba, akasema alidhani wanamnyonya maji. Baada ya hapo sikuweza kuandika kwamba nakubali kabisa kuwa kila mgonjwa wetu anaelewa anachofanyiwa. Muuguzi ni yuleyule na asubuhi ni ileile, lakini alama ni mbili. Nimeliandika jambo hili ili nilitaje kwenye kamati ya kipimo hiki, ambamo nimewekwa.

Jumanne

Wagonjwa watatu wodini wamezaliwa tarehe 1 Januari. Wawili ni Wakongo, mmoja Msomali. Wakimbizi wengi wanaofika bila cheti cha kuzaliwa huandikiwa tarehe hiyo, na mwaka unakisiwa. Sisi nasi kanuni yetu ni kumtambua mgonjwa kwa vitu visivyopungua viwili, na vinavyotumika siku zote ni jina na tarehe ya kuzaliwa. Wawili kati ya hao watatu wana jina moja la kwanza. Vidonge vya presha vya mmoja vikawekwa kwenye trei ya mwenzake. Mashine inayosoma utepe wa mkononi ililia, muuguzi akasimama, vidonge vikarudishwa. Hakuna aliyedhurika.

Mchana, mapokezi walimzuia kijana asipande kumwona baba yake kwa sababu majina yao ya mwisho hayalingani. Kwa Wakongo wengi kila mtoto hupewa jina lake, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu tofauti bila yeyote kushangaa. Kijana alikaa chini na chupa ya uji mapajani mpaka mzee aliponiuliza mbona mwanawe amekawia. Nilishuka nikampandisha. Uji ulikuwa umepoa, mzee akaunywa hivyohivyo.

Mambo haya mawili hayamo kwenye hojaji. Hayamo kwa sababu hojaji inapima kilicho kichwani mwa muuguzi, na tarehe 1 Januari haiko kichwani mwa muuguzi yeyote. Imo kwenye faili.

Jumatano

Mkalimani wetu wa video huja kwa tableti iliyofungwa kwenye kigari. Leo kigari kilikuwa hakina chaji. Cha wodi ya jirani kilikuwa kimekwenda kwa wataalamu wa viungo na hakikurudi. Daktari alikuwa amekwisha kusimama kitandani kwa mama wa miaka hamsini na ushei, mwenye uvimbe kwenye kizazi, na pembeni ameketi bintiye wa darasa la tano. Mtoto anazungumza Kiingereza kama maji. Daktari akamgeukia.

Nilimwomba daktari asubiri. Akaniambia ana wagonjwa wengine sita na ni maswali machache tu. Nilimwambia maswali yenyewe yanahusu hedhi na maumivu wakati wa tendo la ndoa, na huyu ni mtoto wa mgonjwa. Alinyamaza, akaangalia saa, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mkalimani alipatikana kwa simu ya kawaida, spika ikawekwa juu ya mto. Binti nilimpeleka sebuleni kwenye televisheni.

Sheria ya afya ya 2010, kifungu cha 1557, pamoja na kanuni zake, inakataza kumtegemea mtoto awe mkalimani, isipokuwa kwenye dharura ambapo hakuna mkalimani mwingine wa kupatikana kwa wakati huo. Daktari huyo anaijua. Ni mtu mwema, na naamini hojaji yake aliijaza kwa ukweli mtupu. Alichokikosa leo ni chaji. Kama wodi ingepimwa kwa dakika ambazo mgonjwa anamsubiri mkalimani, siku ya leo ingeonekana.

Alhamisi

Mama mdogo aliyejifungua kwa upasuaji juzi, mzaliwa wa kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kambi ile ilifunguliwa 1996, na kuna watu wazima sasa ambao hawajawahi kuishi kokote Afrika ila pale. Muuguzi mwenzangu alimuuliza maumivu yake ni kiasi gani, sifuri hadi kumi. Alijibu mbili. Kwenye faili ikaandikwa mbili, na dawa ya maumivu haikutolewa.

Nilipoingia mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha dirishani, anamfunga mtoto nguo. Nilimwamkia mama mkwe kwanza, tukaulizana habari za nyumbani, za safari, za mtoto. Nilipomgeukia mgonjwa akasema, "Niko salama, dada." Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kitanda na vidole vimebadilika rangi. Baada ya muda mama mkwe alikwenda kuchemsha maji. Mlango ulipofungwa nikauliza tena. Alisema nane, akaanza kulia, akaniomba nisimwambie mama.

Nikampa dawa. Nikaandika nane, na kando yake: aulizwe akiwa peke yake.

Mwenzangu aliniambia amewahi kusikia kwamba Waafrika wanavumilia maumivu. Nilimwambia kauli hiyo ina historia mbaya katika nchi hii. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Kelly Hoffman na wenzake, waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari walio mafunzoni, wote Wazungu, kuhusu tofauti za kimwili kati ya Weusi na Weupe. Takribani nusu yao walikubali walau dai moja la uongo, kwa mfano kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi. Walioamini madai hayo waliyakadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo, na matibabu waliyopendekeza hayakuwa sahihi kiasi kile. Hao walikuwa watu waliosoma. Mwenzangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuwauliza upya wagonjwa wake wawili.

Huyu mama mdogo hakuficha maumivu kwa kuwa ni Mwafrika. Aliyaficha kwa kuwa mama mkwe alikuwamo chumbani, na yeye mama mkwe alizaa watoto wake bila dawa. Ukitaka kulijua hilo lazima uwepo, na lazima mlango ufungwe.

Ijumaa

Mafunzo yamefanyika. Projekta ilikataa kuwaka, tukapewa karatasi. Kila ukurasa una kundi moja na desturi zake katika vijisentensi vifupi: hawa hawaangaliani machoni, hawa mwanamume ndiye msemaji, hawa hawali nguruwe. Ukurasa wa wasemaji wa Kiswahili umeandikwa kwamba ni Waislamu.

Jioni matokeo yake yakaanza kuonekana. Mzee wa Uvira, Kongo, shemasi wa kanisa la Kipentekoste, aliletewa trei yenye kadi ya halali, na aliyempelekea akamwonyesha upande wa kibla kwa heshima kubwa. Mzee alishukuru. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama Biblia yake imekatazwa wodini. Nilimtolea kwenye droo. Katika chumba cha tatu kutoka hapo, mama wa Kisomali alipewa trei ya kawaida yenye jeli, na jeli ile imetengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Aliigusa kwa kijiko, akaiacha, akalala na njaa. Niliikuta trei baadaye ikiwa bado imejaa.

Karatasi zile zina nia njema. Lakini zikishaingia kwenye mtihani, anayekariri ukurasa anapata alama, na anayemuuliza mgonjwa anakula nini hana pa kuipatia.

Jumamosi

Niliitwa wodi ya pili nikamsaidie mgonjwa wa Kiafrika. Alikuwa mtu wa Haiti, anasema Kikrioli. Nilimpigia mkalimani wa Kikrioli, nikarudi kwangu.

Jumapili

Sikuwa na zamu. Nimekaa mezani na chai, nimesoma kuhusu vipimo hivi vilitoka wapi, kwa kuwa nimewekwa kwenye kamati na sitaki kwenda na malalamiko matupu.

Mizizi ni ya wauguzi. Madeleine Leininger alikuwa muuguzi Mmarekani aliyefanya kazi na watoto wenye matatizo ya akili mjini Cincinnati katika miaka ya 1950, akaona kwamba watoto wa malezi tofauti hawatulizwi kwa njia moja. Alikwenda kuishi na Wagadsup wa nyanda za juu za New Guinea, akarudi na taaluma nzima ya uuguzi unaovuka tamaduni. Chama cha wauguzi wa taaluma hiyo kiliundwa 1974. Ninavyomwelewa, Leininger alianza kwa kukaa na watu na kuwatazama kwa muda mrefu. Hojaji zilikuja nyuma yake.

Mwaka 1989 Terry Cross, mtu wa kabila la Seneca, na wenzake watatu waliandika waraka kuhusu huduma kwa watoto wa jamii za wachache wenye matatizo makubwa ya kihisia. Huo ndio ulioeneza msamiati wa umahiri wa kitamaduni. Wanaeleza ngazi, kutoka taasisi inayoangamiza utamaduni wa watu hadi ile iliyobobea kuuhudumia. Nimeusoma waraka huo nikiweka alama kila mahali wanapotaja sera, bajeti, uongozi, ajira, na ukurasa umejaa alama. Walikuwa wanazungumzia mfumo wa huduma. Tangu hapo hadi kwenye kompyuta ya wodi yangu, mfumo umeachwa njiani na amebaki muuguzi mmoja anayeulizwa anajionaje.

Hojaji inayojulikana zaidi ni ya Josepha Campinha-Bacote, muuguzi na msomi. Nadharia yake ina nguzo tano: utambuzi, maarifa, ustadi, kukutana na watu, na hamu ya kutaka. Toleo lake linalotumika sana lina maswali 25, na jumla huanzia alama 25 hadi 100. Kuanzia 91 unahesabiwa umebobea. Mimi namheshimu mama huyu, hasa kwa kuiweka hamu kuwa nguzo, kwa sababu nimefanya kazi na watu wenye maarifa yote na hamu hawana. Hata hivyo mwenye kujipa alama ni mpimwaji mwenyewe. Crowne na Marlowe walionyesha tangu 1960 kwamba tabia ya mtu kujibu kwa namna itakayompendeza msikilizaji inaweza kupimwa, na kwamba watu wanatofautiana sana katika hilo. Ukimuuliza muuguzi kama anawaheshimu watu wa tamaduni nyingine, atajibu nini?

Mwaka 2007 Zofia Kumaş-Tan na wenzake walizichunguza hojaji zilizotumika zaidi, wakatazama zimejengwa juu ya dhana gani. Waliona utamaduni umechukuliwa kuwa ni kabila na rangi, na kwamba ni kitu alicho nacho mgonjwa. Waliona mhudumu anayefikiriwa ni Mzungu, na tatizo linadhaniwa ni kwamba hajawazoea wengine, kwa hiyo akijiamini zaidi amepona. Niliposoma hapo nilielewa kwa nini maswali mengine yalinipita pembeni. Naulizwa kama nimewahi kuishi karibu na watu wa asili tofauti. Mimi ni mtu wa Mombasa ninayemhudumia mzee wa Uvira na bibi wa milima ya Kentucky katika saa moja. Na isidhaniwe kwamba kwa mzee wa Uvira niko nyumbani. Tunasikilizana kwa Kiswahili, basi. Muuguzi wa Tanga akipelekwa Ngorongoro naye ni mgeni kwa Wamasai, ingawa pasipoti ni moja.

Wapo waliokwenda njia nyingine. Melanie Tervalon na Jann Murray-García, madaktari wa Oakland, California, waliandika 1998 kwamba hakuna siku utakayohitimu utamaduni wa mtu. Walitaka unyenyekevu: kujichunguza maisha yote, na kuusawazisha uwezo uliopo kati ya mwenye koti jeupe na mwenye gauni la mgonjwa. Na kabla yao, New Zealand, Irihapeti Ramsden, muuguzi wa Kimaori, alijenga hoja ya usalama wa kitamaduni, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 baraza la wauguzi la nchi hiyo likaiingiza kwenye mafunzo. Hoja ya Ramsden ni fupi. Anayeamua kama huduma ilikuwa salama ni aliyehudumiwa.

Nimeiandika hiyo peke yake kwenye karatasi ya kamati.

Jumatatu

Yule shemasi wa Uvira amekataa kutolewa damu. Kwenye faili imeandikwa anakataa matibabu, na daktari ameagiza mtaalamu wa magonjwa ya akili amwone.

Nilivuta kiti. Arthur Kleinman na wenzake waliandika 1978 maswali machache ya kumuuliza mgonjwa mwenyewe: anadhani kilichomsibu ni nini, kwa nini kilianza kilipoanza, anaogopa nini zaidi. Nilimuuliza hilo la mwisho.

"Mama, mimi naogopa kuisha," alisema. Wanakuja saa kumi za alfajiri, gizani, mtu tofauti kila siku, haongei. Wanajaza vichupa vinne, mara vitano, wanakwenda navyo. Hajawahi kuambiwa vimesema nini. Yeye ni mtu wa miaka sabini na kitu, chakula hakimwingii, na damu inatoka kila siku. Aliziweka kope chini akaongeza kwamba kijijini kwao kulikuwa na habari za watu wanaouza damu.

Nilichukua kichupa kitupu, nikakijaza maji mpaka kwenye mstari, nikayamimina kwenye kijiko chake cha uji. Hayakukijaza. Nikamimina cha pili, kijiko kikafurika kidogo juu ya leso. Mzee alikiangalia kijiko muda mrefu. Aliuliza mwili unaitengeneza tena? Nikamwambia ndiyo, na nikamweleza vichupa vya jana vilisema nini kuhusu figo zake. Alisema basi, waje, lakini jua likishatoka, na wamwambie jina lao.

Nilimpigia daktari. Alikubali damu itolewe saa moja asubuhi, na vipimo viwili visivyohitajika kila siku akaviondoa. Mtaalamu wa akili hakuhitajika. Mazungumzo yote yalichukua kama robo saa, na ndiyo robo saa ambayo wodi haina pa kuiandika.

Jumatano

Tumejaza hojaji kwa mara ya pili. Safari hii mtandao ulikuwa mzuri. Alama za wodi zimepanda, na mchoro wake umebandikwa karibu na lifti.

Mchana huohuo yule mama mwenye uvimbe aliruhusiwa kwenda nyumbani. Alipewa karatasi kumi na moja za maelekezo, zote kwa Kiingereza. Nilizikuta zimekunjwa vizuri kwenye mkoba, chini ya kanga. Nilimpata mkalimani kwa simu, nikamwomba mama anieleze kwa maneno yake atazinywa vipi dawa zile akifika nyumbani. Alikuwa amepanga kunywa za kuongeza damu siku ambazo angeona damu tu, na asipoona asinywe. Muuguzi aliyemruhusu alikuwa amemuuliza kama ameelewa, naye akajibu ndiyo.

Ndiyo hiyo naijua. Mtu aliyekaa kambini miaka ishirini amezoea kwamba mwenye sare ndiye mwenye orodha ya mgao. Humwambii kwamba hukuelewa. Unasema ndiyo, unashukuru, unakwenda kumuuliza jirani.

Tulirudia mpaka akanieleza sawasawa kila dawa na saa yake.

Ijumaa

Kamati. Chumba kilikuwa kimepewa watu wengine, tukakaa kwenye korido ya ghorofa ya juu.

Nilieleza niliyoyaona. Nikasema sipingi watu kujichunguza, na hojaji ibaki kama kioo cha muuguzi binafsi, lakini isiwe ndiyo alama ya wodi. Alama ya wodi itoke kwenye mambo yaliyotendeka: kama mkalimani aliitwa na jina au namba yake ikaandikwa, mgonjwa alisubiri dakika ngapi, kama alieleza dawa zake kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kutoka, kama karatasi alizokwenda nazo ziko katika lugha anayoisoma, au kama hasomi, nani alimsomea. Faili linayo nafasi ya kuyaandika hayo. Viwango 15 vya kitaifa vya huduma zinazozingatia utamaduni na lugha, vilivyotolewa upya 2013, vinataka mambo ya aina hiyo kwa taasisi nzima.

Na wagonjwa waulizwe. Mjumbe mmoja alisema wanaulizwa tayari, kwa dodoso la taifa linalotumwa baada ya mgonjwa kutoka hospitalini. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Dodoso hilo lipo kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa, zikiwemo Kihispania, Kichina, Kirusi na Kivietinamu. Kiswahili hakimo. Shemasi wa Uvira hawezi kuingia kwenye wastani huo hata akitaka.

Kulikuwa na ubishi juu ya gharama, na haukuwa wa ubaya. Mwisho walikubali tujaribu wodi yetu peke yake. Nilishikilia masharti mawili. Anayeuliza asiwe mtu aliyemhudumia mgonjwa, na aulize kwa simu, kwa mdomo, mgonjwa akiwa kwake. Na asiulize kama mtu ameridhika, kwa kuwa jibu ni ndiyo hata kabla swali halijaisha. Aulize nani alikueleza dawa zako, kwa lugha gani. Aulize nani alikutafsiria. Aulize kuna jambo ulitaka kulisema ukalinyamazia?

Jumanne

Simu za kwanza zimepigwa. Namba iliyokuwa kwenye faili la yule mama mdogo wa Nyarugusu ilikuwa ya ofisi iliyowapokea walipofika nchini, na ofisini aliyepokea hakumjua. Namba sahihi ilipatikana kwa mchungaji wake.

Alijibu maswali yote. Kwenye lile la mwisho alisema siku ya kukaguliwa mshono walikuwapo wanafunzi wawili wanaume, na yeye hakujua kwamba angeweza kuomba watoke. Alidhani kukataa kungemchelewesha kwenda nyumbani. Hakuna hojaji ya muuguzi ambayo ingetuletea habari hii. Kuanzia leo mgonjwa anaulizwa kabla mwanafunzi hajaingia, na jibu lake linaandikwa.

Wewe unayesoma Kiswahili na una mzazi au mke aliyelazwa nchi hii, usimwache mwanao awe mkalimani. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazibana hospitali zote zinazopokea fedha za serikali kuu zisimbague mtu kwa asili yake, na msaada wa lugha unaingia humo. Mkalimani ni bure. Muombeni mapokezi, siku ya kwanza, kabla daktari hajafika kitandani, na mkiambiwa kigari hakina chaji ombeni simu. Na akipiga mtu baadaye kuwauliza mlihudumiwaje, msimjibu ndiyo tu. Mwelezeni kilichotokea.